Goli la Juu

Wajukuu zangu hubishana kila Jumapili tukitoka ibadani. Hutazama kwenye simu watu warefu wa Marekani wakicheza mpira wa kikapu, kisha mmoja huanza: hivi wale wa zamani, wale wa kaptula fupi, wangeweza kweli kusimama na hawa wa leo? Mmoja husema wangekimbizwa mpaka watapike. Mwingine husema wa zamani ndio waliokuwa wanaume, hawa wa leo ni mbwembwe tu. Halafu hunigeukia mimi kwa kuwa wamesikia niliwahi kucheza, nami hujifanya nimesinzia na kikombe cha chai mkononi. Sisinzii. Swali hilo niliwahi kulijibu mbele ya kijiji kizima, tena kwa sauti kubwa, na jibu langu lilimwumiza mtu.

Mimi ni mtu wa kushuku. Mama alikuwa akiwaambia watu kwamba hata ziwa nililitazama kwanza kabla ya kunyonya. Nikiambiwa kabichi ni zuri, nalibonyeza. Nikisifiwa, namtafuta anayenisifu anataka nini. Basi mtu wa namna hiyo akikulia kwenye kijiji ambacho wazee wake wana hadithi moja tu ya ushindi, lazima atawasumbua.

Kijiji chetu kiko juu huko, mwendo wa asubuhi nzima kwa miguu kutoka Lushoto mjini, ukipitia upande wa Kwai. Kwetu, ukitaka mahali tambarare lazima upachimbe. Uwanja wetu ulichimbwa ubavuni mwa mlima na watu wa misheni, zamani za mkoloni. Wazee walisimulia kwamba siku ulipoanza kuchimbwa hakuna aliyeamini kuwa ni uwanja. Serikali ya wakati ule ilikuwa ikiwalazimisha watu kukata matuta mashambani, na kazi hiyo ilichukiwa kuliko kodi. Watu walipoona mlima unakatwa wakasema hilo ni tuta kubwa, wametufanyia hila. Walikaa wakisubiri amri ya kupanda kitu. Badala yake zikaletwa nguzo mbili, kila moja na ubao wake na ringi ya chuma.

Goli moja tuliliita la bondeni, kwa sababu nyuma yake hakukuwa na kitu ila mteremko. Mpira ukipita hapo ulikwenda mpaka mtoni, na desturi ilikuwa aliyeupoteza ndiye anayeufuata, huku wenzake wamekaa kwenye nyasi wanamsema yeye na ukoo wake. Goli la pili tuliliita la juu. Hilo liliegemea ukingo wa mlima, na juu ya ukingo kulikuwa na shamba la mama yangu.

Kwenye goli la juu ndipo mjomba alipojipatia jina. Alikuwa kaka mkubwa wa mama, mkulima wa viazi, mrefu, mwenye mikono iliyoning'inia kama imeazimwa kwa mtu mwingine. Walisema zamani hizo alikuwa akisimama mbali, anaushika mpira kwa mikono miwili kifuani, anausukuma, na kabla haujafika yeye ameshageuka kurudi nyuma kwa kuwa anajua umeingia. Mwaka wa uhuru, timu ya Muheza ilipanda mlima kwa lori kuja kucheza nasi, na mjomba akawafunga peke yake mpaka refa akachoka kuandika. Hadithi hiyo nimeisikia mara nyingi kuliko Baba Yetu.

Mimi niliishuku tangu nikiwa mdogo. Watu wa Muheza walikuwa wamepanda kona zote zile nyuma ya lori, wengine wametapika njiani, wamefika juu kwenye baridi wakiwa wamevaa fulana. Mtu wa namna hiyo hata bibi yangu angemfunga. Tena wasimulizi wote walikuwa rika la mjomba, na mwamba ngoma huvutia kwake.

Nilipomaliza sekondari Tanga nilirudi nyumbani kusubiri kazi. Huko Tanga nilikuwa nimecheza kwenye sakafu ya saruji. Nilijua kudunda mpira kwa mkono wowote, kuruka nao na kuuachia nikiwa hewani. Nilipowaambia wazee wa kwetu kwamba sasa watu hutupa mpira kwa mkono mmoja, walinitazama kwa huruma. Nami nikawatazama vivyo hivyo.

Miaka hiyo kijiji kilikuwa kimeandikishwa kuwa kijiji cha ujamaa. Tulikuwa na kamati, katibu, shamba la pamoja, na mikutano isiyokwisha. Ikaja habari kwamba Sabasaba kutakuwa na mashindano ya mpira wa kikapu Lushoto mjini, na kila kijiji chenye timu kilete timu. Sisi vijana tulikuwepo. Kilichokosekana ni mtu wa kutufundisha. Katibu akapendekeza mjomba. Sisi vijana tukamtaka mwalimu mmoja wa shule ya msingi, kijana mwenzetu, aliyekuwa na kitabu cha sheria za mchezo na filimbi. Ikaamuliwa kwamba mkutano wa kijiji ndio utakaokata shauri.

Sitaficha: mwalimu alikuwa ameshanidokeza kwamba yeye akipewa timu, nahodha ni mimi. Lakini nilijiambia kwamba natafuta ukweli tu. Nilimshuku katibu, maana alikuwa rika la mjomba. Niliishuku kamati nzima kwamba inapeana vyeo. Zaidi ya yote niliishuku ile ringi. Kila nikisimama chini yake niliiona iko karibu. Nikiruka kidogo tu vidole vyangu viliigusa, na mimi si mrefu kiasi hicho.

Nikaenda kwa fundi seremala, nikaazima kwake futikamba na ngazi. Asubuhi moja, uwanja ukiwa mtupu, nilipanda nikashikiza futikamba kwenye ringi ya goli la juu na kuiteremsha mpaka chini. Futi tisa na inchi mbili. Nilipima tena. Futi tisa na inchi mbili. Sheria inataka futi kumi, kila mahali duniani. Goli la bondeni sikuweza kulipima kwa sababu halikuwepo tena. Nguzo yake ilioza chini, kipande kizima kikatiwa kwenye daraja la mto. Sikuona kuwa ni hasara. Nilishuka kwenye ngazi nikicheka peke yangu.

Hapa lazima niseme habari ya shamba la mama, maana bila hiyo mengine hayaeleweki. Mama alikuwa mjane. Shamba lake la juu ya uwanja lilikuwa mteremko mkali, na bwana shamba alikuwa ameshakuja mara mbili na watu wa kamati kulitazama. Walimwambia udongo wake unakimbia, na kwamba asipoushika, shamba litaingizwa kwenye shamba la kijiji. Mama aliwaitikia vizuri, kisha akaja kulia jikoni. Na kweli lile shamba liliwahi kuwa na matuta, yale ya mkoloni. Mwaka wa uhuru kijiji kizima kilitoka na majembe kwenda kuyavunja. Lilikuwa jambo la furaha, wanawake wakipiga vigelegele, watoto tukipewa vijembe vyetu. Ya shamba la mama niliyavunja mimi mwenyewe, nikiwa na miaka minane. Nakumbuka jinsi udongo ulivyoporomoka, laini, na jinsi nilivyosifiwa.

Hayo yote niliyajua. Mtoto wa mlimani asiyejua udongo unakwenda wapi mvua ikinyesha ni kama mtoto wa pwani asiyejua maji kujaa. Niliyajua, na sikuyafikiria hata kidogo.

Mkutano ulifanyika uwanjani pa shule. Mjomba alikuja akiwa amevaa raba. Zilikuwa raba zake za zamani za turubai, zimeshonwa upya kwa uzi wa mkonge, na alikuwa amezipaka chaki mpaka zikawa nyeupe pe. Mtu aliyezoea kumwona na makubazi ya tairi alijua amekuja kuchukua kazi. Alikaa mbele, magoti yamepanda juu, raba zimekaa pamoja. Mama alikaa upande wa wanawake.

Katibu alimsifu mjomba kwa muda mrefu. Alipouliza kama kuna mwenye neno, nikasimama. Nilianza kwa heshima, nikawaamkia wazee, kisha nikasema kwamba tunawashukuru waliotutangulia lakini mchezo wa sasa si wa zamani. Nikasema sasa watu wanaruka, wanakimbia, wanapimwa. Nikasema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Kisha nikaitoa futikamba mfukoni nikaiinua juu, nikawaambia kwamba goli lile waliloshindia Muheza lina futi tisa na inchi mbili. Nikaeleza sheria. Nikasema mtu aliyefunga kwenye goli fupi hatuwezi kujua angefunga mangapi kwenye goli la haki, na kwamba kama tutakwenda mjini na mafunzo ya goli fupi tutachekwa.

Vijana wakapiga makofi. Wazee wakaanza kunong'ona, na kunong'ona kwenyewe hakukuwa kwa kunipinga. Nilisikia mmoja akisema hata yeye zamani aliona kama liko chini. Katibu akamgeukia mjomba amjibu kijana.

Mjomba alisimama. Alinitazama kidogo, kisha akatazama upande wa wanawake.

"Mpwa wangu amesoma," alisema, "na amepima. Mimi sina la kuongeza."

Akakaa. Mwalimu akapewa timu. Na mimi nikasema moyoni, haya, amekiri. Mtu mwenye haki hutetea haki yake. Nilirudi nyumbani kifua mbele, na mama alinipakulia chakula bila kunisemesha.

Sabasaba tulishuka Lushoto. Tulicheza na timu kutoka Bungu, na walitufunga vibaya. Tulikimbia, tuliruka, mimi nilidunda mpira kwa mikono yote miwili, na kila nilipotupa pasi ndefu walikuwa wameshafika pale inapoangukia. Wao walipeana mpira karibu karibu, kwa utulivu, kama watu wanaoogopa utateremka mtoni. Aliyewafundisha alikuwa mzee, kofia kichwani, amekaa kwenye kigoda pembeni. Mchezo ulipokwisha nilikwenda kumwamkia kwa adabu. Aliniuliza natoka kijiji gani, nikamwambia. Uso wake ukachangamka. Akauliza habari za yule mrefu wa mikono miwili, na kwa nini hatukuja naye.

Nikamjibu kwamba yule alikuwa wa zamani, na goli lake lilikuwa fupi.

"Fupi?" aliuliza. "Lile goli lenu la juu? Sisi tulikuwa tukilichukia kwa urefu. Tukicheza kwenu mpira ulifika kwenye chuma ukarudi."

Nilimshuku, bila shaka. Nilijiambia ni rika lao, wanalindana hata vijiji vikiwa mbalimbali. Lakini njia nzima ya kurudi, mguu kwa mguu kupanda mlima, sikuweza kupata sababu. Mzee wa Bungu alikuwa ametoka kushinda. Hakuwa na haja ya kumsifu mtu aliyewafunga zamani, tena kwa uongo wa kujidhalilisha yeye mwenyewe.

Kesho yake asubuhi nilichukua jembe nikaenda uwanjani, nikaanza kuchimba chini ya goli la juu. Kitu cha kwanza kilichonishtua ni kwamba udongo ulikuwa laini. Mahali palipokanyagwa miaka yote hiyo palitakiwa kuwa pagumu kama ukuta. Hapa jembe liliingia bila kulalamika. Mtu alikuwa amechimba kabla yangu, akafukia, akapanda majani juu.

Nilichimba kwa mikono. Ulikuwa udongo mweusi, wenye majivu ya jikoni na vipande vya chungu. Katika kijiji chetu mtu mmoja tu alikuwa na tabia ya kumwaga majivu yake yote shambani, na mtu huyo ndiye aliyenizaa. Chini kabisa nilikuta safu ya matofali ya kuchoma yakizunguka nguzo, yamepangwa vizuri, sawasawa na uso wa uwanja wa zamani. Sikuwa na futikamba. Nilipima kwa kiganja, kisha nikakimbia kwa fundi nikaiazima tena. Kutoka kwenye ringi mpaka kwenye matofali ilikuwa futi kumi na inchi moja.

Ukuta wa lile shimo ulikuwa na alama za jembe la mtu wa kwanza. Kila pigo lilikuwa limeacha mstari mwembamba wa udongo uliosimama, kama unapokata ugali kwa kijiko chenye pengo. Jembe la mjomba lilikuwa na pengo. Nililijua tangu nikiwa mtoto. Alilipata kwenye jiwe la shamba letu, siku aliyokuja kumlimia mama baada ya baba kufa.

Nilimkuta kwenye viazi vyake. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akaendelea kulima. Nikamwambia nimechimba. Alimaliza mstari wake mpaka mwisho, akauweka mpini begani, akanisubiri nimfikie.

"Ulichimba lini, mjomba?"

"Siku ile fundi aliponiambia umeazima futikamba."

Siku hiyo ilikuwa kabla ya mkutano. Alikuja mkutanoni anajua. Alikaa pale mbele anajua, na mimi nikiinua futikamba juu.

"Mbona hukusema?"

"Ningewaonyesha matofali, wangeuliza udongo umetoka kwa nani."

Alisema hivyo bila hasira, kama mtu anayekuelekeza njia. Kamati nzima ilikuwa pale. Bwana shamba alikuwa pale. Futi nzima kasoro inchi moja ya udongo wa mama ilikuwa imelala uwanjani, na mimi nilikuwa nimeipima na kuitangaza, na kilichowazuia wasijue ni mtu mmoja kukubali kuitwa mwongo.

Nilikuwa na swali moja zaidi, na nilijua si zuri, lakini mimi ni mtu wa kushuku. Nikamwuliza: kama alikuwa ameshaamua kunyamaza, kwa nini alikuja amevaa raba?

Alilishusha jembe begani.

"Nilidhani hutasema," alisema.

Nililia. Sisemi kwamba machozi yalinilengalenga. Nililia kama mtoto, katikati ya shamba la watu, na mjomba aliniacha nilie mpaka nikamaliza. Ndipo nilipoona miguuni kwake. Alikuwa akilimia zile raba. Chaki yote ilikuwa imetoka, turubai limekuwa jekundu, na kidole kimoja kimetokeza nje.

Nilitaka kwenda kwa katibu saa hiyo hiyo. Akanikataza. Alisema kwanza tushike udongo. Basi tukaanza, yeye na mimi, kukata matuta kwenye shamba la mama, kuanzia juu kushuka chini, yale yale niliyoyavunja. Mama hakuuliza. Alituletea uji na kurudi. Tulipanda majani kwenye kingo, tukangoja mvua za masika, na udongo ukakaa. Bwana shamba alipokuja safari ya tatu aliwaleta majirani waone.

Hapo ndipo nilipokwenda kwenye mkutano nikasema yote, mbele ya watu wale wale, kwa sauti ile ile. Wazee walicheka sana, na vijana wakanicheka zaidi. Mwalimu alikuwa ameshahamishwa. Kamati ikamwomba mjomba aichukue timu, na katibu alikwenda kwake mwenyewe na mpira mkononi.

Alikataa. Alisema magoti yamekwisha. Nilimshuku, maana siku hiyo hiyo nilimwona akipanda kilima na gunia la viazi begani. Lakini hilo sikulisema kwa mtu.

Matofali yalinionyesha urefu wa goli, basi. Hayakunionyesha kama alikuwa akigeuka kweli kabla mpira haujaingia, wala kama angeweza kunisimamisha mimi na mikono yangu miwili ya kudunda. Hayo yangejulikana uwanjani tu. Tuliishi kijiji kimoja miaka mingine mingi, na sikuwahi kumwona akitupa mpira hata mara moja.